Wajina Wawili, Anwani Moja: Kuisoma nissan.com kama Tawasifu

Wadau, hapa tumezoea riwaya, diwani na tamthilia. Safari hii naomba tusome maandishi ambayo hayakuwahi kuwa na jalada wala mchapishaji: ukurasa mmoja wa intaneti. Kwa takriban miaka ishirini, mtu aliyeandika nissan.com akitafuta gari hakukuta gari. Alimkuta muuza kompyuta wa Raleigh, North Carolina, nchini Marekani, anayeitwa Uzi Nissan, akimweleza jina lake limetoka wapi, biashara zake alizianza lini, na kwa nini kampuni kubwa ya magari imemfikisha mahakamani ikimdai dola milioni 10.

Kuna watakaoniuliza, hii nayo ni fasihi? Mimi nasema ndiyo, na wala sioni aibu. Tunasoma barua za wafungwa, shajara za wasafiri na tawasifu za watumwa walioachwa huru. Hayo yote ni maandishi ya mtu aliyebanwa, akashika kalamu kwa sababu hakuna wa kumsemea. Ukurasa wa Uzi Nissan ni wa ukoo huo huo. Ila kile alichokuwa anakitetea ni neno moja tu, tena neno lililokuwa jina la baba yake.

Hoja yangu niiweke mezani mapema. Kiswahili kina neno tamu sana: wajina. Mtu mnayechangia naye jina ni wajina wako, au somo yako kama uko pwani. Wajina wakikutana hutaniana, hudaiana soda, na mara nyingi huwa marafiki kwa sababu hiyo tu. Sheria ya alama za biashara haina neno la namna hiyo. Watu wawili wenye jina moja wakigongana kwenye anwani moja ya intaneti, sheria hutaka kujua nani mwenye mali na nani mvamizi. Naona thamani ya ukurasa wa Uzi Nissan iko hapo: ni mtu anayejaribu kuieleza mahakama kwamba yeye ni wajina.

Jina na ukoo wake

Uti wa mgongo wa ukurasa ule ni maelezo ya jina. Uzi alizaliwa Jerusalem. Nissan ni jina la ukoo wao. Kwa Kiebrania Nisani ni mwezi wa Pasaka ya Wayahudi, na Waarabu wa Sham na Iraq mpaka leo huita mwezi wa Aprili kwa jina hilo. Yaani ni neno la kale, lilikuwa linaandikwa kwenye kalenda karne nyingi kabla mtu yeyote hajafikiria kutengeneza gari.

Nissan ya Japani imetoka kwingine kabisa. Ni kifupisho cha Nihon Sangyo, maana yake viwanda vya Japani, na kampuni ya magari ilianza kuitwa Nissan Motor mwaka 1934. Hapa mwanafunzi wa isimu anatabasamu. Ni maneno mawili yasiyo na undugu wowote, moja limetoka Mashariki ya Kati na jingine Tokyo, yakaishia kwenye sauti moja. Sisi tunayo mengi ya hivyo. Fungua kamusi uone paa la nyumba na paa wa porini. Au kaa la moto na kaa wa baharini. Kamusi inayaorodhesha moja chini ya jingine, na hakuna aliyelala njaa kwa sababu hiyo.

Tabu ya intaneti ni kwamba haina nafasi ya kuorodhesha. Kitabu cha simu kinaweza kuwa na akina Juma Hamisi hamsini. Mji unaweza kuwa na duka la Amani, gereji ya Amani na zahanati ya Amani, na watu hawapotei. Lakini amani.com ni moja tu duniani, na aliyewahi ndiye aliyepata.

Uzi Nissan aliwahi. Anapanga tarehe zake kama mtu anayetoa risiti mfukoni moja moja na kuziweka mezani. Mwaka 1980 alifungua gereji kwa jina la Nissan Foreign Car, wakati kampuni ya Japani bado inauza magari Marekani kwa jina la Datsun. Mwaka 1987 akafungua Nissan International, ya kuingiza na kusafirisha bidhaa. Mwaka 1991 akafungua Nissan Computer. Mwaka 1994 akasajili nissan.com, na mwaka 1996 akaongeza nissan.net. Kampuni ya magari ilimwandikia barua ya wasiwasi mwaka 1995. Hakuijibu. Desemba 1999 ikaja kesi.

Napenda sana mpangilio huu. Hakuna kilio na hakuna kiapo. Ni sauti ya mwenye duka: nilifanya hiki mwaka huu, kile mwaka ule, sasa wewe mwenyewe piga hesabu. Waandishi wetu wengi wa tawasifu wangejifunza kitu hapa, maana tuna ugonjwa wa kumwambia msomaji alie kabla hatujampa sababu ya kulia.

Kasoro zake

Lakini uhakiki si sifa tupu. Ukurasa ule unachosha. Umejaa nyaraka, viungo, barua na maamuzi ya mahakama, na msomaji wa kawaida anapotea njiani kama mgeni Kariakoo siku ya mkesha wa Idi. Mtu aliyeingia kutafuta bei ya gari hawezi kusoma yote yale. Mhariri mmoja mwenye mkasi mkali angeupunguza nusu, na ungeuma zaidi.

Kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo inahusu kila msimulizi anayejisimulia. Ukimsoma Uzi peke yake utadhani alikuwa amekaa kimya na kompyuta zake mpaka jitu likaja kumvamia. Soma na hukumu. Agosti 1999 alibadilisha sura ya nissan.com. Akaweka matangazo ya kulipiwa na viungo vya kwenda kwa wafanyabiashara wengine, na baadhi ya matangazo hayo yalikuwa ya mambo ya magari. Oktoba mwaka huo pande mbili zikakutana kuzungumzia kuihamisha domeni, wakashindwana. Kwa hiyo kuna miezi michache katika hadithi hii ambapo muuza kompyuta alikuwa anapata senti kutokana na watu waliopotea njia wakitafuta magari.

Je, hilo linamfanya mwizi? Mimi sidhani. Mwenye nyumba iliyo karibu na stendi akiuza maji kwa wasafiri hajaiba stendi. Lakini linamfanya kuwa mhusika wa kweli, mwenye kivuli, na si malaika wa kwenye mahubiri. Hadithi inapata uzito zaidi kwa hilo.

Sentensi iliyoamriwa

Machi 2000 mahakama ya Los Angeles ilitoa amri ya muda. Ikamtaka aweke kwenye ukurasa wa kwanza maneno ya kueleza kwamba tovuti ile ni ya Nissan Computer, kwamba haina uhusiano na kampuni ya magari, na kwamba kampuni hiyo inapatikana kwenye anwani fulani. Ikamkataza pia matangazo ya mambo ya magari.

Hebu litazame hilo kwa jicho la fasihi. Mtu anaandika habari za maisha yake, na sentensi mojawapo imeandikwa kwa amri ya hakimu. Tena ni sentensi ya kusema yeye si nani. Kila anayeitwa jina la baba yake huanza kujitambulisha kwa kusema mimi ni fulani bin fulani. Huyu alilazimishwa kujitambulisha kwa kukanusha: mimi siye yule. Washairi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kutaja majina yao mwishoni mwa utenzi, ili ajulikane nani katunga. Fikiria utenzi unaoishia kwa mtunzi kuamriwa aseme kwamba jina lake si la maana inayodhaniwa.

Mwaka 2002 mambo yakawa magumu zaidi. Mahakama ikamwachia domeni, lakini ikamkataza kuitumia kibiashara, na ikamkataza kuweka humo maneno mabaya kuhusu kampuni ya magari au viungo vya kwenda kwenye maneno hayo. Kwa maana nyingine: jina ni lako, ila ukilitumia usiuze kitu, na ukiumia usiseme.

Agosti 2004 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ikayapanga upya. Hukumu ile nayo naipendekeza isomwe, maana majaji walifanya kazi ambayo mhakiki mzuri hufanya: walitenganisha vitu vilivyokuwa vimefungwa pamoja. Matangazo ya magari, walisema, yanawachanganya wateja, kwa hiyo hapo kampuni ina haki. Matangazo ya vitu vingine hayana neno. Kumkataza kusema mabaya kuhusu mshtaki wake ni kuvunja uhuru wa kujieleza unaolindwa na katiba. Kuhusu dai kwamba alikuwa anaififisha alama maarufu, wakauliza swali zuri kuliko yote: je, mwaka 1991, mtu huyu alipoanza kutumia jina lake kwenye kompyuta, jina la kampuni lilikuwa tayari maarufu kiasi hicho? Suala likarudishwa chini likaamuliwe.

Hilo neno kufifisha linanichekesha kidogo. Jirani zetu wa Kenya huita matatu ya abiria 14 nissan, hata kama ni Toyota Hiace kabisa. Watu mamilioni wanalitumia jina hilo kila asubuhi bila kulipia hata shilingi, na hakuna wakili anayeweza kuwashitaki abiria wa Nairobi. Lugha ni ya wasemaji. Aliyeweza kushitakiwa ni mmoja, mwenye duka moja, ambaye jina lilikuwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa.

Kesi ilivuka miaka mingine tena. Mwishowe domeni ikabaki kwake. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, kuitetea kulimgharimu mamilioni ya dola.

Mshonaji wa zambarau

Sasa mtasema, basi si alishinda? Kwa hiyo naomba tuvuke bahari mpaka Ufaransa, tukamwone mtu mwingine aliyeshitakiwa kwa jina alilozaliwa nalo.

Katika mkoa wa Drôme kuna mshonaji wa nguo aliyeitwa Milka. Duka lake likaitwa kwa jina lake, kama maduka ya mafundi cherehani yanavyoitwa kila mahali. Mwanawe akampatia zawadi ya domeni: milka.fr. Kampuni ya Kraft, iliyokuwa inamiliki chokoleti za Milka, ikaenda mahakamani. Mwaka 2005 mahakama ya Nanterre ikamwamuru mshonaji aikabidhi domeni hiyo, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ya Versailles ikaunga mkono. Katika malalamiko ya kampuni ilimo hata rangi: tovuti ya mama huyo ilikuwa ya zambarau, na chokoleti hufungwa kwa karatasi ya zambarau.

Mnaona tofauti? Milka hakuwa na ukurasa mrefu wa kujieleza. Wengine walimwandikia: magazeti, na watu wengi waliomwonea huruma. Habari yake inasomwa kama ngano, mshonaji na jitu la chokoleti. Lakini ngano hiyo inaisha vibaya, na mhusika mkuu hana mstari hata mmoja wa maneno yake mwenyewe unaokumbukwa. Nikiwalinganisha wawili hawa, naona kilichombakisha Uzi Nissan kwenye kumbukumbu ni kule kuishikilia kalamu, mbali na kuishikilia domeni.

Kuna na kichekesho, tusije tukadhani zote ni tanzia. Mwaka 2003 huko Victoria, Kanada, kijana wa miaka 17 aitwaye Mike Rowe alisajili mikerowesoft.com kwa kazi zake za kutengeneza tovuti. Lisome kwa sauti utaelewa. Microsoft ikataka domeni, ikamtolea dola 10. Yeye akataja dola 10,000. Kampuni ikaja juu, habari ikaenea dunia nzima, ikabidi ilegeze kamba, na Januari 2004 wakamalizana kwa zawadi, ikiwemo Xbox. Hapa mzaha ulikuwa wa makusudi, kijana aliona jina lake linachezeka akalicheza. Na dunia ikacheka pamoja naye, ndiyo maana alitoka salama. Uzi na Milka hawakuwa na mzaha wa kuwaokoa. Walikuwa na majina tu.

Waandishi nasi tumo

Msidhani ni mambo ya magari na chokoleti tu, sisi watu wa vitabu hatuhusiki. Tumo pande zote mbili.

Upande mmoja kuna Jeanette Winterson, mwandishi wa Uingereza. Mtu asiyehusiana naye alisajili domeni kwa majina ya waandishi wengi, na la Winterson likiwemo. Mwaka 2000 Winterson alilalamika kwenye kituo cha usuluhishi cha shirika la WIPO huko Geneva, akashinda. Utaratibu alioutumia ulikuwa mpya, ulipitishwa na ICANN mwaka 1999, na mlalamikaji anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba domeni inafanana na alama yake hadi kuchanganya watu, kwamba aliyeisajili hana haki wala maslahi halali kwenye jina hilo, na kwamba aliisajili na kuitumia kwa nia mbaya. Ni maswali mazuri. Bila hayo, walanguzi wa majina wangekuwa wametuuzia majina yetu wenyewe.

Upande wa pili, mwaka huo huo wa 2000, kampuni ya Penguin ilichapisha kumbukumbu za Katherine Tarbox, msichana wa Kimarekani aliyerubuniwa na mtu mzima kwenye intaneti. Kitabu kikapewa jina Katie.com. Domeni hiyo haikuwa ya msichana huyo. Ilikuwa ya mwanamke Mwingereza, Katie mwingine, aliyeisajili tangu 1996. Ghafla barua za wasomaji, pamoja na za watu wachafu, zikawa zinamiminika kwake. Hakuna aliyemshitaki. Walichukua tu jina la mlango wake wakalibandika juu ya kitabu. Baadaye kitabu kilitolewa kwa jina jipya, A Girl's Life Online. Kitabu chenyewe kinahusu madhara ya kutoheshimu mipaka ya mtu kwenye intaneti. Sihitaji kuongeza neno.

Mifano hii miwili ndiyo inayonizuia kusema kwamba wakubwa ni wabaya na wadogo ni wema, tukafunga kitabu. Sheria ya kulinda majina inahitajika. Kilichoharibika ni mizani ya gharama. Domeni kwa mwaka hulipiwa kiasi cha bei ya chakula cha jioni. Kufungua lalamiko WIPO ni dola 1,500, hela ndogo kwa kampuni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1999 inaruhusu fidia mpaka dola 100,000 kwa domeni moja. Sasa wewe ni fundi cherehani, umepokea barua ya wakili yenye siku za mwisho na tarakimu hizo. Utauliza kama una haki? Utauliza kama unaweza kumudu kuwa na haki. Wengi huachia hapo, kimyakimya, na hakuna hukumu ya kusoma wala ukurasa wa kuhakiki.

Kwa hiyo ukurasa wa Uzi Nissan nausoma pia kwa niaba ya kurasa ambazo hazikuandikwa. Una kasoro zake nilizozitaja: ni mrefu, umejaa makaratasi, na msimulizi hajioni mgongoni. Lakini unafanya jambo ambalo hukumu haiwezi kulifanya. Hukumu inamwita mshitakiwa. Ukurasa unamwita Nissan, mwana wa Nissan, aliyefungua gereji mwaka 1980. Baada ya kuusoma huwezi tena kulisikia jina hilo ukaona gari peke yake.

Uzi Nissan alifariki Julai 2020 kwa ugonjwa wa Covid-19. Nakala za tovuti yake zimehifadhiwa kwenye hazina ya Internet Archive, na mwenye subira anaweza kuzipitia mwaka kwa mwaka, kuanzia enzi za kuuza kompyuta hadi enzi za kesi. Ushauri wangu: anza na maelezo ya jina, kisha soma hukumu ya rufaa ya 2004, kisha rudi kwenye ukurasa. Ukisoma kwa mpangilio huo utaona wapi anasema kweli yote na wapi anaruka kidogo. Na kama una duka, blogu au jina la kalamu unalolipenda, nenda kalisajili leo kabla wajina wako mwenye mawakili hajaamka.